Chama, Mkulima na Dola: Guinea-Bissau Kabla na Baada ya Uhuru

Kila tunapofundisha somo la harakati za ukombozi wa Afrika, swali moja hurudi kutoka kwa wanachuo, na hurudi kwa uzito ule ule. Inakuwaje chama kilichopigana na mkoloni msituni kwa miaka kumi na moja, kikamshinda, kije kupinduliwa na jeshi lake lenyewe miaka sita tu baada ya kuingia Ikulu?

Swali hili haliwahusu wale waliokabidhiwa bendera mezani huku magavana wakipiga saluti. Makosa ya hao yameandikwa sana, na Frantz Fanon aliyaeleza mapema, mwaka 1961. Swali linahusu PAIGC, yaani Chama cha Kiafrika cha Uhuru wa Guinea na Cape Verde, chama kilichokuwa na nadharia, nidhamu na mizizi kwa wakulima kuliko karibu vyama vyote vya wakati wake. Kama chama cha namna hiyo kiliteleza, hakuna kada anayeweza kusema jambo hili halimhusu.

Jibu jepesi lipo, na wengi wetu tumekwisha litoa darasani: mabeberu. Jibu hilo si la uongo. Novemba 22, 1970 majeshi ya Ureno yaliivamia Conakry, mji mkuu wa nchi jirani ya Guinea, kwa nia ya kuiangusha serikali ya Sékou Touré na kuwakamata viongozi wa PAIGC waliokuwa na makao yao huko. Uvamizi huo, pamoja na mapinduzi ya Idi Amin ya Januari 1971, ndio uliowafanya viongozi wa TANU kukaa na kuandika Mwongozo wa mwaka 1971. Januari 20, 1973 Amílcar Cabral, Katibu Mkuu wa PAIGC, aliuawa huko huko Conakry. Lakini hapo hapo jibu jepesi linaanza kupwaya. Mkono wa polisi wa siri wa Ureno umetajwa sana katika mauaji hayo. Hata hivyo waliofyatua risasi walikuwa wanachama wa PAIGC. Adui hupita penye ufa. Kazi yetu ni kuuchunguza ufa.

Guinea-Bissau ni nchi ndogo, kilomita za mraba zipatazo 36,000, iliyobanwa kati ya Senegal na Guinea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na watu wapatao nusu milioni, karibu wote wakulima. Walowezi hawakuwako wa kutajika. Mkoloni hakuhitaji kuwanyang'anya watu ardhi. Alichukua jasho lao kwa kodi, kwa kazi za lazima na kwa bei ya karanga, ambayo biashara yake ilishikwa na kampuni ya CUF kupitia tawi lake la Casa Gouveia. Upande wa mashariki Wafula walikuwa na machifu, na machifu hao Wareno waliwatumia. Upande wa kusini na katikati Wabalanta hawakuwa na chifu. Waliishi kwa mabaraza ya wazee na marika, wakilima mpunga kwenye mabonde ya mikoko waliyoyatenga na bahari kwa kujenga kingo za udongo. Kingo hizo hujengwa na kijiji kizima, na zikiachwa misimu michache maji ya chumvi huingia na shamba hufa. Msomaji ayakumbuke mashamba hayo, maana tutayarudia.

Cabral aliyajua kwa miguu yake. Alizaliwa Bafatá mwaka 1924 na wazazi wenye asili ya Visiwa vya Cape Verde, akasomea kilimo Lisbon, akarudi mwaka 1952 kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1953 aliongoza sensa ya kilimo ya koloni zima. Viongozi wengi wa wakati ule waliijua nchi kutoka jukwaani; huyu aliijua kutoka shambani. Alijua nani analima nini, nani analipa kodi kwa taabu gani, nani ana sababu ya kumchukia Mreno na nani ana sababu ya kusita.

Hata hivyo, chama kilipoanzishwa Bissau mwezi Septemba 1956, kilianza na kosa. Kilidhani wafanyakazi wa mjini ndio watakaoongoza. Agosti 3, 1959 wafanyakazi wa bandari ya Pidjiguiti waligoma kudai nyongeza ya mshahara. Polisi wakawapiga risasi, na watu wapatao hamsini wakafa pale gatini. Mwezi uliofuata chama kilikaa, kikakubali kosa lake, kikaamua kwenda vijijini. Hatusemi hili kama sifa ndogo. Vyama vingi hukosea. Vichache hukaa mwezi mmoja baada ya msiba na kubadili mwelekeo wote.

Kutoka 1960 makada walifundishwa Conakry, na namna walivyofundishwa inatugusa sisi wakufunzi. Cabral hakuwakaririsha maneno. Aliwafanyisha mazoezi: mmoja anajifanya mzee wa kijiji, mwingine kada mgeni anayebisha hodi. Anaingiaje? Anaamkiaje? Anaanza na lipi? Kada aliyeanza na ubeberu alirudishwa nje aanze upya. Alitakiwa aanze na bei ya karanga, na kodi, na yule mtoto aliyechukuliwa kwenda kutengeneza barabara bila malipo. Neno ukoloni lingekuja baadaye, tena pengine lingetoka kinywani mwa mzee mwenyewe. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Wapo miongoni mwetu waliohitimu miaka mingi na hawajui bado kuifanya.

Vita vilianza Januari 23, 1963 kwa shambulio la kambi ya Tite. Katika mwaka mmoja sehemu kubwa ya kusini ilikuwa imemtoka Mreno, na mara moja ukaonekana ugonjwa ambao kwa kawaida huonekana baada ya uhuru. Baadhi ya makamanda waligeuka machifu. Walijitwalia wanawake, waliwaonea wanavijiji, waliwaua watu kwa tuhuma za uchawi. Wanavijiji wakaanza kukihama chama, kwa namna ile ile walivyokuwa wakimhama Mreno.

Februari 1964 PAIGC ilifanya mkutano wake mkuu wa kwanza huko Cassacá, ndani ya eneo lililokombolewa, wakati mapigano ya kisiwa cha Como yakiendelea karibu na hapo. Makamanda waovu walishitakiwa mbele ya wenzao. Baadhi walikamatwa, baadhi walipewa adhabu ya kifo. Majeshi ya msituni yaliyokuwa ya mtu na kabila lake yaliundwa upya kuwa jeshi moja la chama, na siasa ikawekwa juu ya bunduki. Cassacá vile vile ndiko yalikopangwa mambo ya amani: shule, zahanati, mabaraza ya vijiji ya kuamua kesi, na maduka ya umma.

Maduka hayo ndiyo kiini cha hoja yetu. Mkulima wa Tombali hakuwa na haja ya hotuba juu ya unyonyaji kama hakuwa na chumvi. Duka la umma lilipokea mchele wake likampa kitambaa, sabuni, sukari, jembe, kwa kipimo kilichomfaa kuliko cha mfanyabiashara wa kikoloni. Bidhaa nyingi zilitoka kwa nchi rafiki. Sweden, kwa mfano, ilianza kuzitoa mwaka 1969. Mchele ule ndio uliowalisha wapiganaji. Kila kijiji kilichagua kamati ya watu watano, na kanuni ilitaka wawili wao angalau wawe wanawake. Kamati ndiyo iliyopanga nani atabeba mizigo, nani atapeleka chakula kwenye kikosi, nani ana shida asisumbuliwe msimu huo.

Kamanda aliyekosana na kamati alilala njaa. Si mfano wa maneno: alilala njaa kweli, na pengine alikufa, kwa kuwa kijiji hicho hicho ndicho kilichojua Mreno yuko wapi. Chama kilimhitaji mkulima kwa chakula, kwa habari, kwa maficho na kwa vijana. Kwa hiyo kilimsikiliza. Tukisema PAIGC iliwaheshimu wakulima kwa sababu ya usafi wa itikadi yake, tutakuwa tumesema nusu ya ukweli. Iliwaheshimu pia kwa sababu isingeishi wiki mbili bila wao.

Kazi hiyo iliungwa mkono na Afrika huru. Kamati ya Ukombozi ya OAU, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, ilipitisha misaada kwa vyama vya ukombozi, na PAIGC ilikuwa mojawapo. Aprili 1972 ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliingia maeneo yaliyokombolewa ukayaona kwa macho. Mwaka huo huo wananchi wa maeneo hayo walichagua mabaraza yao, na kutokana nayo likapatikana Bunge. Septemba 24, 1973, miezi minane baada ya kifo cha Cabral, Bunge hilo lilitangaza uhuru huko Madina do Boé. Hapakuwa na gavana wa kushusha bendera. Ureno, yenye makumi ya maelfu ya askari katika nchi ile ndogo, ilikuwa bado imekaa Bissau. Aprili 25, 1974 maofisa wa jeshi la Ureno, wengi wao wakiwa wamechoshwa na vita hivyo hivyo, waliiangusha serikali yao wenyewe Lisbon. Septemba 10, 1974 Ureno ikautambua uhuru ambao wananchi walikuwa wamekwisha kuutangaza.

Chama kikaingia mjini.

Mji wa Bissau haukuwa umekombolewa, ulikabidhiwa. Ulikuwa umejaa wakimbizi wa vita, na uchumi wake ulisimama juu ya mishahara na matumizi ya jeshi la Ureno. Jeshi lilipoondoka, maelfu ya watu walibaki bila kazi, na serikali mpya ikaogopa, kwa haki kabisa, mji wenye njaa. Makarani wa serikali ya kikoloni walibaki kwenye meza zao, maana nani mwingine angejua mafaili yako wapi? Luís Cabral, nduguye Amílcar kwa baba, akawa Rais na kukaa katika jumba lile lile alilokaa gavana.

Amílcar aliliona jambo hili kabla. Mwaka 1972, akizungumza New York na Wamarekani weusi, alieleza kwamba tatizo la nchi nyingi za Afrika zilizotangulia ni kuihifadhi dola ya mkoloni na kuweka mtu mweusi mahali pa mweupe. Alitaka dola mpya itoke vijijini, katika yale maeneo yaliyokombolewa. Lakini mwaka 1974 dola ya vijijini ilikuwa na kamati za watu watano wasiojua kupiga taipu, na dola ya mjini ilikuwa na ofisi, simu na mishahara. Hakuna aliyeamua kwamba ya pili iimeze ya kwanza. Ilitokea hivyo, faili kwa faili.

Halafu ikaja misaada. Nchi nyingi ziliipenda Guinea-Bissau mpya, na ziliipa. Meli zilileta mchele. Fedha zilijenga, na tazameni zilijenga nini: kiwanda cha kuunganisha magari ya Citroën, na huko Cumeré kiwanda kikubwa cha mazao ya kilimo ambacho uwezo wake ulizidi mbali mazao yote ambayo nchi ingeweza kukipelekea. Mkutano Mkuu wa Tatu wa chama, Novemba 1977, ulitamka kwamba kilimo ndicho kipaumbele. Azimio lilikuwa zuri. Bajeti ilikwenda njia nyingine, na sehemu kubwa yake ikaishia Bissau.

Maduka ya umma yaliendelea kuwako kwa jina, hata mjini. Vijijini bei ya mpunga iliwekwa chini ili mji ule kwa rahisi, na rafu za duka zikawa tupu. Mkulima afanye nini? Alifanya alichokifanya siku zote na mtawala asiyempa kitu: alivusha mpunga wake usiku kwenda Senegal au Guinea. Ukame wa mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaongeza pigo. Kufika 1980 mchele ulikuwa haba Bissau, mji mkuu wa nchi ya wakulima wa mpunga.

Hapa ndipo tunapothubutu kutofautiana kidogo na wale wanaomsoma Cabral kama msahafu. Huko Havana, Januari 1966, alifundisha kwamba vibwanyenye wanaoongoza ukombozi hawana budi kujiua kama tabaka na kuzaliwa upya pamoja na umma, ama sivyo wataisaliti kazi yao. Tena alikiri kwamba kwa kiasi fulani jambo hilo linaangukia kwenye maadili ya kiongozi. Ni mafundisho makubwa. Lakini dhamiri ya kiongozi ni kamba nyembamba. Huko msituni dhamiri ilisaidiwa na tumbo: kiongozi alikula kwa mkulima. Kule Bissau alikula kutoka bandarini, na mtu yule yule aliyepigana kwa uaminifu miaka kumi na moja aligundua, pengine bila kujisemea, kwamba mkulima hamlazimu tena. Kamati za vijiji hazikufutwa na mtu. Ziliacha kuulizwa.

Jambo la lugha lilifuata njia hiyo hiyo. Vita vilikuwa vimekieneza Krioli kikawa lugha ya kuwaunganisha watu wa makabila yote, lakini kampeni ya kuwafundisha watu wazima kusoma, ambayo Paulo Freire wa Brazil aliisaidia tangu 1975, iliendeshwa kwa Kireno. Mkulima aliyeweza kuamua kesi ya kijiji kizima kwa lugha yake aliketishwa darasani akawa bubu. Kampeni haikufika mbali. Sisi tuliofundishwa siasa kwa Kiswahili hatujui vizuri ni bahati gani tuliyonayo.

Kulikuwa pia na damu. Waafrika walioajiriwa na jeshi la Ureno, hasa makomando, waliuawa kwa siri baada ya 1974, ingawa vita vilikuwa vimekwisha. Makaburi yao yalifichuliwa baadaye. Chama ambacho huko Cassacá kiliwashitaki watu wake mbele ya mkutano sasa kiliua bila mkutano. Hatuwezi kulipita jambo hili eti kwa kuwa waliouawa walikuwa vibaraka.

Novemba 14, 1980 João Bernardo Vieira, aliyeitwa Nino, shujaa wa mapigano ya kusini na wakati huo Waziri Mkuu, alimpindua Luís Cabral. Sababu zilizotajwa ni nyingi: uhaba wa mchele, vyeo jeshini, watu wa Cape Verde kushika nafasi za juu, katiba mpya iliyopitishwa siku chache kabla. Muungano wa nchi mbili, nusu ya jina la chama chenyewe, ukavunjika siku hiyo. Ndugu wa visiwani waliunda chama chao, PAICV, Januari 1981.

Yaliyofuata bara tuyapitie kwa haraka, kwani ni kurudia. Mwaka 1986 Paulo Correia, aliyekuwa Makamu wa Rais na mpiganaji wa zamani, alipigwa risasi pamoja na wenzake watano kwa mashitaka ya kupanga mapinduzi. Maduka ya umma yaliachwa uchumi ulipofunguliwa kwa masharti ya wakopeshaji. Uchaguzi wa vyama vingi ulifanyika 1994. Juni 1998 jeshi liligawanyika, vita vikapiganwa ndani ya Bissau kwa karibu mwaka mzima, na jumba la gavana likaharibiwa vibaya. Vieira aliondolewa Mei 1999, akarudi kwa kura 2005, akauawa na askari Machi 2009, saa chache baada ya mkuu wa majeshi kuuawa kwa bomu. Mapinduzi mengine yalifanyika 2003 na 2012. Novemba 2025, siku chache baada ya wananchi kupiga kura na kabla ya matokeo kutangazwa, wanajeshi walitwaa madaraka tena. Jeshi lililoundwa Cassacá ili bunduki iwe chini ya siasa limekuwa ndilo linaloamua siasa iishe lini.

Na visiwani je? Mwanachuo mmoja alitubana hapo, na alikuwa na haki. Cape Verde iliongozwa na chama kile kile, makada wale wale, nadharia ile ile. Haikuwa na mpunga wala mvua. Njaa za miaka ya 1940 ziliwaua makumi ya maelfu ya watu wake. Ilipata uhuru Julai 5, 1975 ikiwa maskini kuliko bara, na ikaishi kwa misaada zaidi ya bara. Kama misaada ndiyo sumu, mbona haikufa?

Jibu letu ni kwamba sumu haikuwa katika meli. Visiwani chakula cha msaada hakikugawiwa bure. Kiliuzwa, na fedha zake zikalipa ujira wa wananchi waliojenga makinga-maji, matuta ya mlimani na kupanda miti katika nchi kame. Kila gunia liligeuka siku ya kazi ya mtu fulani katika kijiji fulani, na watu waliweza kuhesabu. Serikali iliyoshindwa kueleza gunia limekwenda wapi ingejua jioni hiyo hiyo. Tuongeze, kwa haki, kwamba visiwa havikupiganiwa vita ndani yake. Hakukuwa na jeshi lililojiona ndilo mwenye nchi. Hili la pili huenda lina uzito kuliko tunavyopenda kukubali sisi tunaovipenda vita vya ukombozi. Mwaka 1991 PAICV ilishindwa katika uchaguzi, Aristides Pereira akaondoka madarakani kwa amani, na mwaka 2001 chama hicho kikarudi kwa kura.

Bara, kingo za mabonde ya mikoko zilizobomolewa wakati wa vita vya ukombozi hazikujengwa upya zote. Vijana walikwenda mjini, na kingo hazijengwi na wazee peke yao. Mkulima alipanda mikorosho, ambayo haihitaji kingo wala rika la vijana, na korosho zikawa sehemu kubwa kabisa ya mauzo ya nje ya nchi. Kila msimu huko Oio na Tombali mfanyabiashara hufika kijijini na lori la mchele kutoka Asia, akaupima kwa korosho. Kipimo hukipanga yeye.